Mama Mwenye Macho Mazima

Wapendwa, kabla sijafungua neno lenyewe, nipeni dakika chache niwape habari ya mama mmoja aliyefanya kazi chuo kikuu. Jina lake silitaji, na chuo sikitaji, maana naona mzee mmoja pale nyuma ameshaanza kumgeukia shemeji yake. Mwache shemeji, mzee wangu. Mama huyu nimemtunga mwenyewe.

Mama huyu alikuwa ofisi ya ruzuku za utafiti. Mtaniuliza, mchungaji, hiyo ndiyo ofisi gani? Ni hivi. Msomi akitaka kufanya utafiti mkubwa, hatoi mfukoni mwake. Anaandika andiko, kurasa sitini, sabini, anaomba kwa wafadhili. Lakini haruhusiwi kulituma mwenyewe. Lazima lipite kwa yule mama. Yeye ndiye anayesoma masharti mstari kwa mstari. Barua ipo? Sahihi ipo? Muhuri upo? Akiridhika, anaingia kwenye mfumo, anabonyeza, andiko linakwenda. Wafadhili wakikubali, mkataba nao unapita mezani kwake.

Miaka kumi na minne alifanya kazi hiyo, na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Profesa mzima aliwahi kurudishiwa andiko lake mara tatu kwa ajili ya sahihi moja. Alilalamika, akanuna, lakini akapata mradi. Pale chuoni walikuwa wakisema, likishapita kwa mama, lala usingizi.

Sasa alikuwapo dada mmoja, mdogo kwake kwa miaka kama kumi. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa mkusanya takwimu tu, anatumwa vijijini na madodoso yake, anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Ni mama huyu aliyempokea. Alimfundisha kupanga bajeti ya mradi, akamwonyesha wafadhili wanataka waandikiwe vipi, na siku nyingine akamgawia chakula chake cha mchana. Yule dada akasoma, akaenda nje kusoma tena, akarudi ni Dokta. Akapewa ofisi ghorofa ya pili. Picha yake ikawekwa kwenye bango kubwa getini, anacheka, ameshika hindi zima.

Mama akawa anapita chini ya bango lile kila asubuhi. Mwezi wa kwanza alisema, hongera yake. Mwezi wa pili akasema, mbona wamemng'arisha hivi, mbona si mweupe kiasi hiki? Mwezi wa tatu akaanza kupita geti la nyuma. Mnacheka! Nyie hamjawahi kubadilisha njia kwa sababu ya mtu?

Kilichomchoma hasa ilikuwa tafrija. Dokta alipata mradi wake wa kwanza, chuo kikaandaa soda na sambusa, naye akasimama kushukuru. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mkuu wa chuo, mume wake, wakulima. Akamshukuru mpaka dereva, tena kwa jina! Mama amesimama na soda yake, anangoja. Anangoja. Dokta akamalizia, "Na wengine wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja." Watu wakapiga makofi.

Wengine wote! Mama akasema moyoni, dereva katajwa, mimi niliyemfundisha kazi nimekuwa wengine wote. Soda ile hakuimaliza.

Nawauliza, alikuwa na haki ya kuumia? Alikuwa nayo kabisa. Hata mimi ningeumia. Angemfuata siku ile ile akamwambia, mdogo wangu, umenisahau, nimeumia, habari ingeishia hapo. Hakwenda. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo, likawa linanenepa.

Mwaka uliofuata Dokta akaandika andiko la pili. Hili lilikuwa kubwa. Lilihusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi na karanga tukihifadhi vibaya. Vijiji kumi na viwili, miaka mitatu, akina mama wafundishwe kukausha na kuhifadhi ili watoto wasile sumu kwenye uji. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Likishafungwa, limefungwa.

Saa nane mchana Ijumaa hiyo, mama anakagua viambatisho. Akafika kwenye barua ya halmashauri, ile ya mkurugenzi kukubali utafiti ufanyike wilayani kwake. Masharti yanasema barua isizidi miezi mitatu. Mama akatazama tarehe. Ilikuwa ya mwaka jana! Dokta alikuwa na barua mbili, ya zamani na mpya, na kwa haraka zake akaambatisha ya zamani. Kosa la dakika mbili tu. Simu iko mezani, Dokta yuko ghorofa ya pili, barua mpya iko kwenye kompyuta yake.

Mama akashika simu. Halafu akaikumbuka ile tafrija, akaiweka simu chini.

Saa tisa mlango unagongwa. Dokta huyo, ameshika mfuko wa vitumbua vya moto. "Dada, nimekuletea, najua hujala. Niambie, kuna kilichobaki? Maana nina wasiwasi sana."

Jamani, Mungu alikuwa anamtumia mtu wake hadi mlangoni! Neno moja tu lilitakiwa.

Mama akasema, "Hakuna, mdogo wangu. Kila kitu kiko sawa."

"Basi nina amani. Ukisema wewe, mimi nalala."

Alipotoka, mama akabonyeza, andiko likaenda na barua yake ya mwaka jana. Vitumbua akavila. Alijiambia, mimi sikuharibu kitu. Mimi siye niliyeambatisha. Nimetuma nilicholetewa.

Wiki ya tatu majibu yakaja. Wafadhili hawakulisoma andiko hata ukurasa mmoja. Barua imepitwa na tarehe, ombi limeondolewa. Akina mama wa vijiji kumi na viwili wakaendelea kukoroga uji vile vile. Dokta alilia ofisini kwake mpaka kope zikavimba, na mama, nitawaambia ukweli, mchana ule alisikia raha kidogo. Nusu saa hivi. Halafu akaitwa kwenye kamati.

Mkurugenzi wa utafiti akaiweka ile barua mezani. Wasomi wanane wamekaa, Dokta naye yupo. Mkurugenzi akauliza kwa upole kabisa, "Mama, tarehe hii uliiona, au hukuiona?"

Hebu kaeni kwenye kiti chake kidogo. Akisema niliiona, ataonekana roho yake ilivyo. Akisema sikuiona, sifa yake ya miaka kumi na minne imekwisha, na ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo. Wewe ungejibu nini? Usinijibu mimi.

Mama akasema, "Sikuiona."

Mnajua adhabu yake ilikuwa nini? Walimwamini! Dokta akasimama, macho bado mekundu, akamtetea. "Msimlaumu dada yangu. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeambatisha. Yeye amechoka tu, miaka yote hii anasoma maandishi madogo. Mnamjua jamani, angeiona ile tarehe angenipigia hata kama niko msalani." Watu wakacheka. Mama naye ikabidi acheke.

Wakaamua kwa kumhurumia. Kuanzia siku hiyo kila anachokagua kikaguliwe tena na mwenzake wa meza ya pili. Na wakamwandikia barua aende kupimwa macho, gharama juu ya chuo.

Akaenda. Mtaalamu wa macho akamkalisha, akamwonyesha herufi kubwa, akasoma. Za kati, akasoma. Za chini kabisa, zile ambazo wengine tunazikisia, akazisoma zote bila kukodoa. Mtaalamu akashangaa. "Mama, una macho mazima kuliko yangu. Nani kakwambia huoni?"

Mama akawaza, nikirudi chuoni na karatasi inayosema macho ni mazima, watauliza, sasa ilikuwaje? Akainama mbele ya yule kijana mtaalamu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nipe tu miwani."

"Ya nini, mama? Huhitaji."

"Nipe hata ya kioo kitupu. Nakuomba."

Akapewa. Aliivaa siku hiyo, na akaivaa kila siku kazini mpaka anastaafu. Inamwachia alama puani, inamtoa jasho, na hakuweza kuivua mbele ya mtu. Dokta aliomba tena, akapata, akaenda vijijini kwake. Andiko lake halikupita kwa mama. Alilipeleka meza ya pili, na akapita kumsalimia, "Dada, macho vipi siku hizi?"

"Namshukuru Mungu, mdogo wangu. Afadhali."

Sasa tuje kwetu sisi. Mzee, kaa na miwani yako, wewe uliandikiwa kwa haki. Ninaowasema ni sisi tulioona tukajifanya hatukuona. Tumeona ndoa ya mwenzetu inaelekea shimoni, tukasema sikujua. Tumesikia nafasi ya kazi imetangazwa na jirani anatafuta kazi, tukasema nilisahau. Mwanakwaya mmoja kaanza wimbo kwa sauti isiyofaa, tunaijua inayofaa, tukamwacha aaibike mbele ya kanisa zima, halafu tukamwambia pole.

Tulidhani wivu utamnyang'anya mwenzetu alichonacho. Dokta alipoteza mwaka mmoja. Mama alipoteza kile alichopewa yeye na Mungu, kipaji cha jicho kali, na akabaki anakiona kila siku kwenye kioo, kimefunikwa kwa mkono wake mwenyewe. Na wanaotupenda wakitutetea, wanazidi kutufungia humo ndani.

Ndugu yangu, dada yangu, yupo mtu uliyemwambia "sikuona". Unamjua, na hapa nilipo naona wengine mmeinamisha vichwa. Ibada ikiisha, usinifuate mimi kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Mfuate yeye, umwambie, "Niliona. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuonea wivu." Utaaibika, sikudanganyi. Lakini utalala ukiwa umevua miwani.