Nyayo Chini ya Shiraa

Sogeeni. Kila mmoja na achukue fungu lake la mchele, achague mawe huku anasikiliza, maana kisa ni kirefu na chakula hakitajipika. Wewe Bunu, acha kumfinya mwenzio, nakuona. Mimi nikisema "Walikuwepo," ninyi mtaitikia "Wakaondoka." Atakayesinzia simpi ukoko.

Walikuwepo.

Haya, mmeitika vizuri. Walikuwepo zamani hiyo, kabla bibi yangu hajazaliwa na kabla mama yake hajaolewa, siku Shengea ilipokuwa mji, si haya magofu mnayochungia mbuzi. Mji una ukuta, ukuta una lango moja, na katikati ya mji pana jumba la mfalme, na katika jumba mna chumba kinaitwa Ndani. Jina lake ndilo hilo, Ndani tu. Mwanamke akiolewa na mfalme huingizwa humo, humo huzaa, humo huzeeka, na siku ya kufa hutolewa kwa mlango wa nyuma. Dirisha hakina. Mnashangaa nini? Wenyewe walikiita heshima.

Sasa wanawake wa jumbani wakitaka kwenda arusini au matangani walitokaje? Walitoka ndani ya shiraa. Shiraa ni hema la kutembea, wajukuu zangu. Ni kitambaa cheusi kizito kilichotandazwa juu ya miti minne, na wajakazi wanne wameishika ile miti kwa ndani, na mwana wa watu yumo katikati yao. Nje huoni kitu ila nyayo chini ya upindo. Mbele yake imetundikwa kengele ndogo. Kengele ikilia ndi, ndi, ndi, kila mwanamume, awe tajiri, awe mchukuzi, hugeukia ukutani akafumba macho mpaka ipite. Asiyegeuka hutobolewa macho. Basi watu wa Shengea waliishi miaka na miaka na kitu kikipita katikati yao, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyekitazama. Hilo lishikeni.

Mfalme akafa. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Mwana Somoe, ambaye mama yake alikwisha kufia mle Ndani. Na ada ya mji ilikuwa kwamba atakayemwoa binti wa mfalme ndiye atakayekaa kitini. Ikawa vita. Watoto wawili wa ami yake wakaugawa mji, huyu mtaa wa juu, yule mtaa wa chini, na watu waliooana jana wakachomeana nyumba leo. Visima vikanuka. Mwishowe mkubwa wao, Fumo Zahidi, akamuua nduguye. Akatangaza kwamba Ijumaa anaoa, na mpaka Ijumaa lango lifungwe asitoke mtu.

Mwana Somoe akamwita Zafarani. Zafarani alikuwa mkubwa wa wajakazi wanaobeba shiraa, mwanamke mrefu, bega lake limeota sugu kwa ule mti.

"Zafarani, nitoe."

"Nikutoe wapi, mwana?"

"Nje ya lango. Popote. Mama aliniambia, karibu na kufa, kwamba amesahau njia inafananaje. Mimi sitaki kusahau."

"Tukikutoa na wakatukamata, wewe watakurudisha Ndani. Sisi watatuchinja."

"Nitawapeni mikufu yangu."

Zafarani akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Mkufu nikauvae kaburini? Tuache huru. Sema sasa hivi, wenzangu wanasikia."

Msimlaumu sana Mwana Somoe, lakini mlaumuni kidogo. Alitamani uhuru wake tangu utotoni, akaulilia, akauota, na uhuru wa Zafarani haukumpitia akilini hata siku moja, naye ndiye aliyemwogesha na kumsuka. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Nyote ni huru," akasema. "Mungu shahidi."

"Vyema. Basi mwenzetu Mauwa mguu umemvimba. Yeye atatembea katikati, na wewe utashika mti wake."

Wakatoka jua la utosini, saa ambayo mji hujilaza na hata mbwa hawabweki. Mauwa mjakazi yumo katikati, anachechemea. Mwana Somoe, aliyekuwa hajawahi kubeba hata birika, yumo kwenye mti wa nyuma, jasho linamwingia machoni. Ndi, ndi, ndi. Wanaume wakageukia ukutani. Wakatembea, wakatembea. Ndi, ndi, ndi.

Walipopita uchochoro wa kwanza, upindo ukainuka, akaingia mwanamke. Ana mwiko mkononi, na mwiko una sima moto inafuka. Shavu lake limevimba. Akapanga mguu na wenzake. Uchochoro wa pili akaingia mwingine, na wa tatu mwingine. Wanawake wa Shengea walikuwa wanaruhusiwa kutazama shiraa, na kwa kutazama walikuwa wameona mikono laini ya mwana wa mfalme ikitoa damu kwenye mti, pale kitambaa kilipopasuka kidogo. Wakaelewa kwamba anatoroka. Wakaacha vyungu motoni.

Wakatembea, wakatembea. Sasa nisikilizeni, na aliye karibu na mlango aurudishe.

Mwana Somoe akaanza kusikia nyayo nyingi kuliko watu. Nyuma yake, ambako hakuna mtu, palikuwa na mtu. Nyayo zile hazikuwa na haraka. Tena zilikuwa na furungu miguuni, furungu nzito za kizamani ambazo bibi harusi wa siku zile hakuzivaa tena. Shiraa haikuongezeka upana wala urefu, na bado watu waliingia, wakaingia, na baridi ikaingia pamoja nao, na nje jua linawaka.

"Zafarani," akanong'ona, "tuko wangapi humu?"

"Usihesabu."

"Kuna mtu ananipumulia shingoni, na pumzi yake ni baridi."

"Mwache apumue."

Mwana Somoe akasikia kikohozi. Kikohozi kile alikijua, alilala nacho utoto wake wote. Ikaja na harufu ya udi, ule ule wa mama yake, na harufu ya udongo.

"Mama?"

"Usinitazame, Somoe," sauti ikasema. "Tembea."

Akatembea huku analia, na mti hakuuacha.

Wakafika langoni. Mlinzi mkuu wa lango, Amiri Kombo, alikuwa mtu mwoga, na mwoga akipewa amri mbili hutokwa jasho. Ada inamwambia ageuke. Fumo Zahidi amemwambia asitoke mtu. Askari wake wote walikwisha kugeukia ukutani. Yeye akabaki kati.

"Simameni," akasema. "Simtazami mtu. Natazama nyayo tu, nijue idadi."

Akainama. Alichokiona alikihadithia mpaka uzeeni, na kila akikihadithia aliomba maji. Aliona nyayo nyingi, zimepangana mpaka mwisho wa upeo wa macho, zaidi ya upana wa hema lenyewe. Zilizokuwa mbele zilikuwa na vumbi. Zilizofuata hazikugusa vumbi. Na katikati aliona mguu mmoja wenye kovu la mafuta ya moto, kovu kama jani. Kovu lile alilisababisha yeye akiwa mtoto, alipopindua kikaango jikoni jumbani, siku mama yake alipokuwa mpishi wa Ndani. Mama yake alikuwa kaburini miaka mingi.

"Kombo," kovu lile likasema, yaani mwenye kovu. "Fungua, mwanangu. Kuna giza huku."

Amiri Kombo akageukia ukutani. "Fungueni lango," akawaambia askari, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Wakatoka. Wakatembea mpaka penye miti ya mikoma, ukuta wa mji hauonekani tena, wakaitua miti. Wakatoka chini ya kitambaa walio hai: Mwana Somoe, Zafarani na wenzake, na wale wa vichochoroni. Waliobaki hawakutoka. Kitambaa kilikuwa kimejaa, kinapanda na kushuka polepole.

"Mama, njoo," akasema Mwana Somoe. "Njia hii hapa. Itazame."

"Nimeiona," sauti ikasema. "Nzuri. Ninyi nendeni. Sisi tuna arusi Ijumaa."

Na shiraa ikainuka, haishikwi na mkono wa mtu, ikageuka, ikarudi mjini. Ndi, ndi, ndi.

Langoni wakageuka, wakaifungulia. Jumbani wakageuka, wakaifungulia. Ikaingia Ndani, ikatulia. Fumo Zahidi akaambiwa mwana alitoka kidogo, sasa amerudi. Akafurahi. Ijumaa kadhi akaozesha, na bibi harusi akaulizwa kama ameridhia, akajibu kwa kugonga mti wa shiraa mara moja, maana hiyo nayo ilikuwa ada. Hakuna aliyetazama. Nani atazame?

Fumo Zahidi akaingia Ndani peke yake. Waliokuwa mlangoni walisikia upindo ukiinuka, na furungu zikilia, nyingi, taratibu, zikisogea upande mmoja. Hawakusikia kelele. Kisha mlango ukafunguka, shiraa ikatoka, na wanaume wakageukia ukutani kama walivyofundishwa na baba zao. Wanawake ndio walioona. Katika zile nyayo palikuwa na nyayo mbili kubwa za kiume, zimevaa makubadhi ya kifalme, zinajikwaa, zinasukumwa.

Mji haukupata mfalme tena. Watu wakahama nyumba kwa nyumba, na Ndani ikabaki wazi hadi leo, mmechezea humo bila kujua.

Na Mwana Somoe? Hakuwa malkia wa mahali popote. Alilima mtama na Zafarani, shamba kwa shamba, na kiganja chake hakikupona vizuri. Yule mwenye mwiko alikuwa bibi yake bibi yangu. Mwiko wenyewe ule pale ukutani, na msiuguse.

Fundisho nalisema wazi, nisije nikaulizwa. Mwana Somoe hakuwa huru pale alipotoka langoni. Alikuwa huru pale aliposhika mti na kumweka Mauwa katikati. Angebebwa, angetoka na Ndani yake kichwani. Ninyi wasichana, mkitaka kutoka mahali, angalieni kwanza nani amewabeba.

Na magofuni mchana wa jua kali, ukisikia kengele, wewe Bunu geukia ukuta usijifanye shujaa. Ninyi wasichana msigeuke. Kama nyumbani kwenu kuna amani, iacheni ipite. Kama hakuna, inueni upindo, ingieni, na msihesabu.

Walikuwepo.

Sikusikia. Walikuwepo.

Ndivyo. Mimi nimekifikisha kisa njiani, mwenye miguu akipeleke mbele. Leteni mchele.