Marando ya Mlangoni

Hapo zamani, enzi ambazo binti akiolewa mbali alikuwa mbali kweli, watu wa milimani walikuwa na desturi yao. Mama alimfungia binti mbegu saba za marando ya mwituni, yale yenye maua ya zambarau yanayofunguka alfajiri na kusinyaa adhuhuri. Binti alikwenda kuzipanda mlangoni kwa mumewe. Mama naye hakukanyaga nyumba ile mpaka aletewe mbegu mpya zilizokomaa palepale. Si ua, maana ua hata mwongo anaweza kulisimulia. Mbegu.

Nakijwa aliolewa na Senkondo, akashuka naye hadi nyikani, mwendo wa siku nne. Alimpenda mumewe, tusimsingizie. Lakini kila akisonga ugali alimkumbuka mama yake, na mwiko ulisimama mkononi mpaka ugali ukashika chini. Mbegu tano alizipanda kwa pupa siku ileile aliyofika. Akamwagilia, akangoja. Zikakaa ardhini kama changarawe. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Kisha wachuuzi wa magadi wakamletea salamu kutoka milimani: mama anasema magoti yamechoka, amebakiwa na safari moja tu ya kushuka, asicheleweshwe.

Nakijwa alilia mchana kutwa. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye ulimi mkali, akamwambia hajapata kuona mtu anayelilia magugu. Alipokwisha kumsema, akaziomba zile mbegu mbili zilizobaki. Akaing'ata moja, akatema. Gamba hili, akasema, maji hayapiti hata ukilia mwaka mzima. Akazisugua kwenye jiwe la kusagia mpaka weupe ukachungulia, akazilaza majini. Moja ikaoza. Moja ikaota.

Mmea ukatambaa, ukafika kizingitini, na hapo mvua ikagoma. Majani yakapukutika, shina likakauka likakatika. Nakijwa akawa anapita mlangoni akitazama pembeni, maana aliona mama yake ndiye aliyekauka pale. Lakini Senkondo, kila jioni, maji yake ya kuoga aliyamwaga mahali pale. Miezi mitano. Wenzake walimcheka kwamba mtu mzima ananuka beberu kwa ajili ya udongo mtupu. Hakujua kwamba chini kulikuwa na mzizi mnene kama muhogo, umelala tu. Alijua mkewe anapita akitazama pembeni, basi.

Mvua iliporudi, marando yalichipua upya, yakapanda mpaka paani, yakachanua. Nakijwa akafurahi, lakini furaha yake haikufika mbali. Kila asubuhi aliyahesabu maua, kila adhuhuri aliyaokota chini. Hata kifuko kimoja cha mbegu hakikushika.

Ng'ambo ya korongo aliishi mwanamke mwingine wa milimani, jina lake Namcheja. Yeye alikuwa na marando mlangoni pake kwa misimu sita, yanachanua na kuanguka, na mama yake alikufa akingoja mbegu. Aliposikia kwamba maua ya Nakijwa nayo yanaanguka, akatoka akayatazama yake. Ndipo akakumbuka kwamba kule kwao marando hayaoti peke yake. Ya mlango huu hujisokota na ya mlango ule, na nyuki huzunguka katikati. Kesho yake akaondoka kabla ya kupambazuka, amebeba ua lake ndani ya jani bichi, akakimbia ili jua lisimtangulie. Akalisugua ua lake ndani ya maua ya Nakijwa, akarudi na ua la Nakijwa kuyasugulia yake. Akafanya hivyo asubuhi tisa.

Vifuko vya mbegu vikashika. Nakijwa alivifunga kwa vitambaa ili visipasuke na kumwaga mbegu, akangoja vigeuke rangi ya majani makavu, akavichuma. Mbegu zikapanda mlima na wachuuzi. Mwezi haujaisha, mama akatokea njiani na mkongojo wake, na Nakijwa akamkimbilia bila viatu.

Sasa, mama wa milimani akija huja na ushanga mmoja. Humvika yule ambaye mkono wake ndio ulioileta mbegu, na tangu hapo huyo huwa mwanawe, wa kuitwa pale mama anapougua na wa kukaa karibu naye. Ushanga ni mmoja. Haukatwi.

Mama mkwe hakusubiri kuulizwa.

"Bila mimi ingekuwa changarawe mpaka leo," alisema. "Na miaka yote hii, akiumwa kichwa ni nani aliyemkanda? Nimekuwa mama yake mahali ambapo wewe hukuwapo."

Senkondo aliinamisha kichwa. "Mama, mimi ndiye niliyemchukua mbali nawe. Maji niliyomwaga sidai malipo yake. Nataka nisihesabiwe mwizi nyumbani kwako."

Namcheja alikuwa amesimama nje ya uzio. Wakamwita, wakamuuliza anadai nini.

"Sidai kitu, mama. Marando yangu nayo yamezaa mwaka huu, lakini sina wa kumpelekea mbegu. Nilikuja tu nione mama anavyofika."

Mama yake Nakijwa aliutoa ushanga shingoni, akauweka kiganjani mwa Nakijwa. "Kesho napanda, na sitashuka tena," alimwambia. "Wewe ndiye unayeyajua yote. Niambie nimvike nani."

Nakijwa akakaa kizingitini, maua yaliyosinyaa yakimwangukia begani. Akamtazama aliyeiamsha mbegu. Akamtazama aliyeunywesha mzizi asiouona. Akamtazama aliyekimbia na ua la mlango usio na mama. Machozi yakamlenga, ushanga ukabaki kiganjani.

Haya, ninyi mliokula karanga zangu mkinisikiliza, msitazamane. Ushanga uko mikononi mwenu na mama anaondoka kesho. Je, ni shingo ya nani iliyostahili?