Kwa Nini Miji Saba ya Lusangi Haina Gulio Siku Moja

Zamani, ninyi mnaonisikiliza, enzi ambazo hata babu yangu alizisikia tu, miji saba ya uwanda wa Lusangi ilifanya gulio siku moja, Jumamosi. Kila mji ulijiona ndio mkubwa, na mkubwa hampishi mdogo. Siku nyingine ilikuwa mwiko kuuza chochote. Jumamosi nayo ilikuwa mwiko kutoka, mji usije ukaonekana mtupu. Basi Kabunge, mji wa wafinyanzi, watu waliuziana vyungu. Isole, kwenye chumvi, waliuziana chumvi mpaka midomo ikapasuka.

Kabunge aliishi mfinyanzi mjane, Nyanzobe, mwenye binti mmoja aliyechumbiwa Isole. Wakwe walipokuja kujitambulisha, aliwaandalia maharage yasiyo na chumvi, maana hakuwa nayo. Mshenga wao alitafuna polepole, akameza kwa adabu.

"Harusini tutakuja, mama," alisema. "Ila tutakuja tumekula kabisa."

Nyanzobe aliona aibu hata hakuwasindikiza. Harusi ilikuwa mwezi uliofuata, na alijua karamu ya pili kama ile ingemrudisha binti yake nyumbani kabla hajaondoka.

Alimwendea mzee Rugambage, mkuu wa Kabunge. Ruhusa ya kwenda Isole alikwisha kunyimwa mara mbili, kwa hiyo safari hii hakuiomba.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini tena?"

"Nilikuwa nawaza tu. Mkubwa ndiye hutangulia. Siku Isole wakianza kufanya gulio Ijumaa, sisi wa Jumamosi tutaitwa nani?"

Rugambage aliweka kata ya togwa chini. Kabla jua halijazama mpiga mbiu alikuwa ameshapita kila kichochoro: gulio la Kabunge sasa ni Ijumaa.

Habari zikafika Isole, nao wakarukia Alhamisi. Mji wa tatu ukasikia, ukachukua Jumatano. Wa nne ukatwaa Jumanne, wa tano Jumatatu, wa sita Jumapili. Rugambage alitaka kutangulia tena, lakini kila siku ilikuwa na mwenyewe, na kuchangia siku na mji mdogo alikuona ni kujidhalilisha. Nkoma, mji wa saba, habari zilichelewa kuufikia. Mkuu wake alipoona Jumamosi imebaki yake peke yake, alitangaza kwamba wenzake wote wamekimbia kwa kumwogopa, akachinja ng'ombe.

Alhamisi ya kwanza Nyanzobe alijitwika vyungu vinne, akaenda zake Isole. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa Kabunge haikuwa siku ya gulio. Alirudi na chumvi ya mwaka mzima. Harusini mshenga alikuja ameshiba kweli kama alivyoahidi, akaonja kijiko kimoja, kisha akala sahani tatu, ikabidi nduguze wamshike mikono kumwinua mkekani.

Na kuanzia hapo gulio la Lusangi huzunguka mji kwa mji. Fika Kabunge Ijumaa, hutapata pa kuweka mguu. Fika Jumanne, utakuta mbuzi wamelala katikati ya barabara, na mwenye hoteli atakushangaa wewe, akuulize umepotea wapi. Muulize mji ulio mkubwa kuliko yote uwandani ni upi. Atamfukuza mbuzi mlangoni kwanza, kisha atakwambia umefika.