Kwa Nini Ukoko ni wa Mpishi

Kabla hamjaimwagia maji sufuria hiyo, kaeni kwanza. Na wewe, mjukuu wangu Semeni, uliyeshika kijiko, endelea kukishika. Nimemsikia mjomba wa bwana harusi alivyopita hapa uani akakwambia uache kukwangua ukoko, eti msichana anayekula ukoko mvua itamnyeshea siku ya harusi yake. Nikamwacha apite, kwa kuwa yeye ni mgeni na shughuli si yangu. Lakini hajakaa vizuri huko barazani, mara ametuletea sahani, anaomba awekewe huo huo ukoko. Nimekasirika, wajukuu zangu, na sitaificha hasira yangu. Uongo huo una mwenyewe, na leo nitamtaja.

Hapo kale wali haukushika chungu. Ulipikwa ukaiva, ukapakuliwa, na chungu kikabaki kisafi kama kilivyotoka kwa mfinyanzi. Watu wa bonde la Nyambuka, waliokuwa wakulima wa mpunga, walikuwa na desturi yao. Baada ya kupakua, mpishi alikibeba chungu hadi mbele ya wanaume waliokaa jamvini, akakifudikiza mdomo chini, ili wote waone kwamba hakuficha kitu. Ukianguka wali hata wa kujaza kiganja, uliingia kwenye sinia la Jumbe, mkuu wa bonde. Mpishi alikula kilichobaki masinia yaliporudi, na masinia yalirudi yamelambwa.

Walisema hiyo ni desturi ya uaminifu. Mimi nasema ilikuwa dharau. Mtu umemwachia moto, kisu na chakula cha watoto wako, halafu humwamini kwa punje za wali?

Kwa Jumbe Matimbwa alipika mama mmoja kijana, jina lake Sikudhani. Mumewe alifariki mpunga ukiwa bado shambani, akamwacha na mimba, naye akajifungua mtoto wa kike, Chausiku. Jumbe alimchukua akae kwake apike, na watu wakamsifu Jumbe kwa huruma. Huruma gani? Sikudhani alipalilia shamba la Jumbe, akafukuza ndege, akavuna, akatwanga, akapeta, akakuna nazi, akapika. Wageni wa Jumbe walikuwa hawaishi, na kadiri walivyozidi, ndivyo masinia yalivyorudi matupu. Sikudhani akawa anashindia maji na majani ya kunde, mpaka maziwa yakaanza kumkauka. Chausiku alinyonya, akalia, akanyonya tena, na kilio chenyewe kikawa kinazidi kufifia.

Siku moja alipokifudikiza chungu, lilianguka bonge dogo la wali. Sikudhani akapiga magoti.

"Jumbe, naliomba hilo," akasema. "Si kwa ajili yangu, ni kwa mtoto. Maziwa hayatoki."

Jumbe akaliokota, akalichovya kwenye mchuzi, akajibu huku anatafuna.

"Mpishi hana njaa. Moshi umeshakushibisha."

Wanaume wakacheka. Walicheka, nawaambieni, na baadhi yao walikuwa na watoto wanaonyonya nyumbani kwao.

Sikudhani alirudi jikoni, hakulia. Aliosha mchele wa chakula kingine, akateleka chungu, akaanza kuusemesha mchele kama mtu anavyomsemesha ndugu aliyemkosea. "Nilikupalilia mimi, nimesimama kwenye matope na mimba yangu. Nilikufukuzia ndege mpaka sauti ikanikauka. Nimekutwanga, nimekupeta. Leo mtoto wangu anakufa mbele yako, na hakuna hata punje moja inayonijua?"

Punje za juu hazikusikia, zilikuwa zinacheza kwenye tui. Za chini zilisikia. Hizo ndizo zilizokaa karibu na moto, na joto la jiko zililijua kama yeye alivyolijua. Zikaambizana, "Huyu tunamjua." Zikashikana zenyewe kwa zenyewe, zikakishika na chungu, zikatulia.

Sikudhani akapakua, akabeba chungu, akakifudikiza mbele ya wanaume. Hakikuanguka kitu. Jumbe akakigonga kitako kwa kifundo cha kidole, akasema, "Kitupu," nao wakaendelea kula. Kule kisimani, alipoinama kukiosha, Sikudhani aliona chini kuna tabaka la kahawia linalong'aa mafuta ya nazi. Akalikwangua kwa kipande cha kifuu, akatafuna. Lilikuwa tamu kuliko vyote walivyokula wale kwenye jamvi lao. Akalimaliza, akanywa maji, na kabla hajafika nyumbani kifua kilikuwa kinamuuma kwa maziwa. Chausiku alinyonya mpaka akasinzia.

Sikudhani hakuwa mchoyo. Aliwaambia wapishi wenzake, nao wakausemesha mchele wao, na bonde zima wapishi wakaanza kunawiri. Lakini ukoko hauliwi kimyakimya, mnajua wenyewe. Jumbe alisikia mtu anatafuna, akaingia jikoni, akauonja, na macho yakamtoka. Akatangaza kwamba ukoko wa kila nyumba upelekwe kwake.

Hapo ndipo wapishi walipoanza kuuficha kwa majina. Mtumishi wa Jumbe akija kuulizia ukoko, nyumba hii inamwambia, hapa hakuna ukoko, huu ni utandu. Ng'ambo ya mto wanamwambia, sisi tuna matandu tu, kaulize kwingine. Akarudi kwa Jumbe mikono mitupu na kichwa kinamzunguka. Ndiyo maana hata leo kitu ni kimoja na majina ni mengi, na kila mwanamke atakuapia kwamba jina la kwao ndilo lenyewe.

Kisha Jumbe akaposa binti wa kijiji cha jirani. Siku ya harusi aliamuru vyungu vyote vikubwa vitelekwe uani kwake, na kuni zirundikwe ili ukoko uwe mnene.

"Ukoko wote ni wangu," akasema. "Mpishi nitakayemwona anatafuna, atatoka hapa na mtoto wake."

Sikudhani alimtazama, akamweka Chausiku vizuri mgongoni, akafunika vyungu.

Wali ulisikia. Safari hii punje za chini ziliziambia za kati, na za kati zikaziambia za juu. Wakwe wakiwa wamekaa, mikono wameshanawa, Jumbe akaamuru chungu cha kwanza kifunuliwe. Upawa uligota kama umepiga ukuta. Kikafudikizwa juu ya sinia, hakikuanguka kitu. Kikaletwa cha pili, kikawa vile vile. Jumbe akakitikisa mwenyewe, akakigonga, akakiinamia. Wali wote ulikuwa umegeuka ukoko, kuanzia chini mpaka mdomoni. Na mawingu yaliyokuwa yamekaa juu ya vilima tangu asubuhi yakashuka hapo hapo. Mvua ikanyesha juu ya jamvi, juu ya wakwe, juu ya kilemba cha Jumbe.

"Fanya kitu," Jumbe akamwambia Sikudhani. "Watu wana njaa."

"Moshi umeshawashibisha, Jumbe," Sikudhani akajibu.

Shangazi wa bibi harusi alilisikia jibu hilo, akauliza lina maana gani. Wapishi wakamweleza, mmoja akiachia mwingine anadakia, maana woga ulikuwa umewaisha. Yule mama akasimama, nguo zinamchuruzika maji.

"Mtu anayemnyang'anya mama anayenyonyesha kilichoganda chini ya chungu," akasema, "mtoto wetu atamlisha nini?"

Wakamchukua binti yao, wakaondoka na mvua hiyo hiyo.

Hakuna mpishi aliyewasha tena moto kwa Jumbe mpaka alipotamka mbele ya wazee kwamba kilicho chini ya chungu ni cha mpishi. Alitamka, tena kwa sauti ndogo. Lakini watu walipomuuliza kwa nini harusi yake ilivunjika, hakusema alimnyima nani. Alisema ni mvua. Walipomuuliza mvua imeletwa na nini, akasema kuna mwanamke alikula ukoko.

Uongo huo ndio uliotembea. Aliyenyeshewa alikuwa mnyang'anyi, na wasichana ndio waliobebeshwa mvua yake mpaka leo. Wanaoirudia habari hiyo hawamjui Sikudhani, wala hawajui kwamba kulikuwa na mtoto aliyekaribia kufa. Hilo linaniuma kuliko sahani ya mjomba.

Na tangu siku hiyo wali wa juu huachia ukapakuliwa, na wa chini hukishika chungu ukamngoja aliyeupika. Hakuna tena anayekifudikiza chungu mbele ya watu kumpima mpishi.

Unaniuliza, Semeni, je, ikinyesha kweli? Ikinyesha, imenyesha. Mpunga unaitaka mvua, na wewe utakuwa umeshiba. Haya, kwangua, na wenzio uwagawie. Na sahani ya mjomba irudi kama ilivyokuja.