Mtungi Uliovishwa Gauni

Wapendwa, leo siombi masikio yenu. Masikio mnakuja nayo kila Jumapili, na najua nimeyachosha. Leo naomba pua. Nitasema taratibu, maana wiki hii mwili wangu umechoka, na neno hili ni zito kwangu kuliko kwenu.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shule ya bweni. Jina lake nalifunika. Miaka kumi na minane alipikia watoto mia nne kwa kuni: asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni ugali tena. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Moshi ule ulimla polepole. Ulianza na macho, yakawa mekundu hata watoto wakamwita Mama Pilipili. Ukashuka kifuani. Mwisho ukaingia puani, ukaiua pua. Ungemshikia kitunguu huku na karafuu huku, asingejua kipi ni kipi. Mwenyewe alicheka tu. "Pua yangu imestaafu kabla yangu," alikuwa akisema.

Alipostaafu na yeye, alijinunulia kitu kimoja cha kufurahisha nafsi yake: jiko la gesi la kusimama, linalofika kiunoni, pleti nne juu na oveni chini. Jirani mmoja alimwuliza kwa nini hakuchukua lile dogo la kuweka chini. Akajibu, "Nimeinama miaka kumi na minane, inatosha. Sasa nataka kupika nikiwa nimesimama kama mtu."

Fundi akaja kulifunga. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Akapima mpira wa gesi, akatikisa kichwa.

"Mama, mpira huu waliokupa dukani ni mfupi. Na klipu ya kubana hapa kwenye kichwa cha mtungi haimo. Leo sifungi. Kesho kutwa nitakuja na mpira mwingine na klipu mbili. Halafu jiko lisigusane na ukuta, liachie nafasi. Mpira usipite nyuma ya oveni, joto litaula. Mtungi ukae pale pembeni, uwe wazi, uuone."

"Mpaka kesho kutwa nipikie nini, baba?"

"Mkaa, mama. Siku mbili tu."

Siku mbili tu. Sisi tulioketi hapa tunaona si kitu. Lakini mtu aliyechoka ukimwambia siku mbili, yeye anasikia miaka miwili. Alasiri ile ile, fundi hajafika hata barabarani, yule mama akaunganisha mwenyewe. Mahali pa klipu akafunga utepe wa mpira wa baiskeli, akauzungusha mara saba, akaukaza kwa ule mkono uliosonga ugali wa watu mia nne. Akafungua gesi, akawasha. Moto wa buluu ukatulia. Mama akasimama mbele ya jiko, mikono kiunoni, machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya moshi.

Fundi aliporudi na klipu zake alikutana naye mlangoni. "Limeshakubali, baba. Nikipata shida nitakuita." Hakumkaribisha ndani. Aliuonea haya ule utepe.

Sasa, jiko lilikuwa limesimama mbali na ukuta, kama ng'ombe aliyegoma kuingia zizini. Akaona si sura nzuri, akalisukuma mpaka likabana ukutani, na ule mpira mfupi ukabanwa nyuma ya oveni. Halafu akina mama, nyumba zetu mnazijua. Kochi lina kitambaa. Redio ina kitambaa. Jagi la maji lina kitambaa chenye shanga. Mtungi wa gesi ukae uchi? Akaufumia gauni la waridi na nyeupe, lenye marinda matatu, kuanzia shingoni hadi chini. Mtungi ukapendeza kama binti anayekwenda kubeba maua ya harusi. Ule utepe wa baiskeli haukuonekana tena. Hata mwenye nyumba aliusahau.

Mnacheka. Chekeni, lakini polepole.

Kwa mama huyu aliishi mjukuu wa miaka miwili. Mchana mtoto alilala kwenye godoro dogo chini, nyuma ya pazia linalotenga jiko na sebule. Wiki ya tatu akaanza kuamka analialia, anashika kichwa. Bibi akasema ni meno.

Nyumba iliyofuata alikaa mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa mdomo. Kuku wako akipita kwake, utasikia. Maji yako ya kufulia yakifika kwenye mlango wake, utasikia, na babu yako kaburini atasikia. Siku moja akaegemea ukuta akaita:

"We mama! Nyumba yako inanuka yai viza. Umefuga nini humo?"

"Nyumba yangu?"

"Yangu hainuki. Mtu akistaafu kazi hajastaafu kuoga!"

"Pua kama hiyo ungeipeleka kwanza kwenye jalala lako, jirani."

"Haya. Mimi nimesema."

Mama akaingia ndani kwa hasira. Lakini neno lilimwingia. Akaenda jikoni, akainamia mtungi, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Angesikiaje? Mkono ukafika kwenye rinda la gauni, ukasimama pale. Kulivua ni kukiri kwamba yule mwanamke amesema kweli. Akaacha.

Jumamosi wakaja akina mama wa kikundi cha kanisa kumpongeza kwa jiko. Wakala maandazi, wakalisifia jiko, wakalishika gauni na kuulizia uzi umenunuliwa wapi. Na yule mama, wapendwa, naomba mkumbuke jambo hili, aliwauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayeomba chumvi.

"Dada zangu, mimi sina pua, mnajua. Humu ndani hamsikii harufu yoyote?"

Wakatazamana. Mwenyekiti wao akacheka cheko la adabu. "Harufu? Labda ya haya maandazi yako, mama. Nyumba iko safi kama kioo."

Wote wakaitikia: safi, safi kabisa. Akapumua. Siku ile alilala usingizi mzuri. Kwa nini asilale? Jirani mmoja mwenye matusi amesema inanuka, na wapendwa tisa wa kanisani wamesema hainuki. Wewe ungemwamini nani?

Alhamisi ikawa zamu yake kupokea ibada ya jumuiya. Saa kumi jioni sebule ilijaa, watu kumi na wanane, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mkeka. Alikuwa ameoka mkate kwenye oveni tangu saa nane, akaizima, akafunga madirisha ili vumbi la barabarani lisiingie kwenye chakula. Nyuma ya pazia mjukuu alikuwa amelala. Mwinjilisti akasimama. Kwenye stuli kulikuwa na mshumaa, kama desturi ya jumuiya zetu. Wimbo wa kwanza ukaisha. Mwinjilisti akatoa kiberiti mfukoni, akachomoa njiti.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Weka chini hicho kiberiti!"

Alikuwa yule jirani, kanga moja kifuani, mikono ina unga. Hakubisha hodi. Hakusema Bwana asifiwe.

"Mama, tuko kwenye ibada," akasema mzee wa kanisa.

"Ibada itaendelea mbinguni mkichelewa! Nimesema weka chini! Na wewe, usiguse swichi ya taa, usiguse chochote. Tokeni nje!"

Akapita katikati ya watu, akiwakanyaga. Mwenye nyumba akasimama kumzuia, uso umemwiva kwa aibu. Wageni wake wote wanaona. "Unanitakia nini? Siku zote hizi umekosa nafasi ya kuniaibisha, mpaka leo?"

Yule hakujibu. Alifungua pazia, akainama, akamwokota mtoto kwenye godoro. Kichwa cha mtoto kililegea begani kwake. Akamtoa nje, akamlaza kwenye baraza palipo na upepo, akampepea kwa upindo wa kanga. Kisha akarudi, akafungua madirisha yote, akashika gauni la waridi na kulichana toka juu hadi chini, akafunga valvu ya mtungi.

Wageni wote walikuwa wameshatoka nje. Walimtazama mtoto. Bibi alipiga magoti akimwita, akimpapasa mashavu, akimwita tena. Nadhani ilikuwa kama dakika tatu. Ndipo mtoto akakohoa, akatapika, akalia. Hakuna wimbo mzuri kama kilio kile.

Akaitwa fundi. Alilivuta jiko kutoka ukutani, akapaka povu la sabuni kwenye mpira. Hakuhitaji kupaka sana. Nyuma ya oveni mpira ulikuwa umeungua na kupasuka, na pale kwenye utepe wa baiskeli povu lilichemka kama uji. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akajifuta jasho.

"Mama, nilikuambia siku mbili."

"Uliniambia, baba. Kosa ni langu. Nilichoka kusubiri."

Fundi akawageukia wageni. "Gesi ni nzito, hutambaa chini alipolala mtoto, na yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya huwekwa makusudi kiwandani, ili mtu asife bila kuonywa. Huyu mama hana pua, namwelewa. Lakini ninyi mlikuwa kumi na wanane. Hivi kweli hakuna aliyesikia?"

 Mama mwenyekiti akatazama viatu vyake. Halafu mkono wake ukapanda. "Mimi nilidhani ni kabichi imeoza. Nikaona si vizuri kusema kwa mtu." Mkono mwingine: "Mimi nilidhani ni choo." Mwingine: "Nilijua ni gesi, nikadhani mwenyewe anajua." Mzee wa kanisa: "Nilingoja mwingine aseme." Mikono ikapanda mmoja mmoja, mpaka ikawa kumi na saba. Wa kumi na nane ulikuwa bado umeshika kiberiti. Mwinjilisti akasema, "Nilisikia tangu mlangoni. Nikasema nimalize ibada kwanza, nisimwaibishe."

Yule mama akawatazama wote. Hakupaza sauti. Uchovu wote wa miaka kumi na minane ulikuwa kwenye macho yake.

"Niliwauliza," akasema. "Niliwauliza Jumamosi. Mkaniambia maandazi."

Kisha akamgeukia jirani, aliyekuwa bado amempakata mtoto. "Na wewe, si ungeniambia bila kunitukana? Ningekusikia."

Jirani akainamisha kichwa. Mtaa haukuwahi kumwona akiinamisha kichwa. "Kweli. Mdomo wangu umeharibika, mama, na umeniharibia. Nikisema moto, watu wanadhani nagombana." Akamrudishia mtoto wake. "Lakini nilisema."

Wapendwa, mfano wangu umeishia hapo. Nyumba haikulipuka. Wengine naona mlingoja ilipuke. Kwa huruma ya Mungu haikulipuka, lakini ni nyumba ngapi hazikupata jirani mwenye mdomo?

Sisi tuna harufu. Kila mmoja wetu ana mahali alipofunga utepe wa baiskeli badala ya klipu, kwa sababu alichoka kungoja, kisha akafuma gauni juu yake. Na ile pua ya kujinusa mwenyewe inakufa mapema. Moshi wa maisha unaiua. Ndiyo maana Mungu ametupa ndugu. Sasa ndugu akituuliza, tunamwambia maandazi! Tunaita adabu. Tunaita upendo. Na yule mmoja anayesema, tunamfungia mlango kwa sababu sauti yake si nzuri. Tena wewe mwenye kusema, hebu jiulize: kama ungesema kwa upole mara ya kwanza, mtoto angekuwa ameshika kichwa wiki nzima?

Nami niseme langu. Sikusoma sana, lakini hili sikuhitaji shule kulijua. Mwaka juzi niliingia nyumba moja ya waumini wa hapa. Mume na mke walikuwa wananichekea na kunikaribisha, na nyuma ya pazia kulikuwa na kitu kinavuja. Nilisikia tangu mlangoni. Nilikula wali wao, nikawasifia watoto, nikaomba, nikaondoka. Nilikwenda tena, nikala tena. Leo nyumba ile haipo. Watoto wako kwa bibi yao. Watu wakiniuliza nasema, shetani. Si kweli. Mimi nilisikia harufu, nikasema maandazi.

Basi sitawafundisha neno ambalo mwenyewe sijalianza. Mshumaa wa ibada huu hapa, hamjauona ukiwaka leo. Kiberiti hiki hapa. Nakiweka chini, mbele yenu. Mmenizoea miaka saba. Mimi pua yangu juu ya nafsi yangu ilikufa zamani. Nawauliza kama alivyouliza yule mama, kwa sauti ndogo.

Ndugu zangu, kwangu hamsikii harufu yoyote?

Msiseme maandazi. Nasubiri.