Kwa Nini Watoto Hawabaleghe Pamoja

Zamani, kabla miili haijapewa hiari, watoto wa milima ya wafua chuma walibaleghe wote pamoja. Hakuwepo aliyetangulia wala aliyechelewa. Kila mtoto alizaliwa na kaa la moto limelala chini ya majivu, na halikuwaka mpaka lipulizwe. Mpulizaji alikuwa mmoja tu, bibi aitwaye Naetwe, aliyetunza mvukuto mdogo wa ngozi ya mbuzi. Alisubiri rika zima litimize umri, akaliita, akapuliza. Pumzi moja, kimya kirefu, pumzi nyingine. Basi sauti za wavulana zikakwaruza, wasichana wakavunja ungo, chunusi zikawatoka wote. Na kwa kuwa ziliwatoka wote, nani angemcheka nani?

Mtawala wa milima hiyo, Mfumwa Semvua, alikuwa na ugonjwa wa wakubwa: aliahidi asichonacho. Alipokea oda kubwa ya majembe kutoka bondeni, na mila ilikataza mtoto asiyebaleghe kukaribia tanuri. Vijana waliokwisha kupevuka walikuwepo tele, wamekaa barazani wanahesabu nzi, lakini hao wangedai ujira. Mtoto hadai. Logic ya mkubwa ndiyo hiyo, ya jana na ya leo.

Akamwita Naetwe. "Bibi, wapulizie hawa wadogo."

"Hawajafika, Mfumwa."

"Watafikia njiani."

"Chuma kibichi hakifikii njiani, kinavunjika. Muulize mfuaji wako."

Mfuaji mkuu, Senkondo, akatazama miguu yake. Alijua vizuri, ila alikuwa na cheo, na cheo kinaziba mdomo kuliko ugali wa moto.

Wakamnyang'anya bibi mvukuto. Senkondo akawapulizia watoto wa kaya za juu, wenye miaka saba na minane. Msimu haukuisha, wakarefuka fasta hata wakawapita kaka zao. Ndevu zikaota juu ya midomo iliyong'oka meno ya utoto juzi tu. Watu wakapiga vigelegele, wakawaita majitu ya Mfumwa. Naetwe hakupiga. Alijua kwamba moto unaorefusha mfupa ndio huohuo unaoufunga. Na kweli, miaka ilipopita na wenzao wakaendelea kukua, wale majitu walisimama palepale. Mifupa ilikwisha kufunga mlango. Wakabaki wafupi kuliko wote, na kazi ya watu wazima mabegani. Msimu uleule wa kwanza, mmoja alikutwa kando ya tanuri analia kwa sauti nzito kama ya mjomba wake, anamtaka mama.

"Mwanamume mzima unalia?" Senkondo akamkaripia.

Alikuwa na miaka minane.

Majembe hayakutosha. Mfumwa akaamuru waletwe watoto wa kaya za chini, na miongoni mwao alikuwepo Nanzighe, mjukuu wa Naetwe. Bibi alipofika uani, watoto walishapangwa, mama zao wakitazama, na Nanzighe yuko mbele, amekumbatia mdoli wake wa mgomba.

"Umekuja kutuzuia tena?" akauliza Semvua.

"Nimekuja kuwafundisha kazi. Mnapuliza, mnapumzika, mnapuliza, mnapumzika. Mna haraka gani hiyo? Pulizeni bila kukoma."

Senkondo akainua kichwa. Yeye mfuaji alijua kinachotokea kaa dogo likipulizwa mfululizo. Bibi akamkazia macho. Neno moja tu la mfuaji, hila ingefichuka, na yule mtoto angekwisha. "Bibi ana akili," Senkondo akamwambia Mfumwa.

Wakapuliza bila kupumzika. Kwanza kaa likawaka. Uso wa Nanzighe ukaiva, jasho likamtoka, mdoli ukaanguka. Naetwe akamtazama mjukuu wake, lakini hakusema basi. Wakazidi kupuliza. Kidogo kidogo wekundu ukamtoka mtoto usoni, kaa likachoka, likajifunika majivu, likalala. Nanzighe akaokota mdoli wake. Alikuwa mtoto vilevile, na wenzake vilevile.

Semvua alipong'amua, akaita walinzi. Naetwe akaurukia mvukuto, akauchana kwa kisu, akakata vipande vidogo kama kunde huku vishindo vinakaribia. "Mezeni," akawaambia watoto wote, hata waliokuwa mgongoni mwa mama zao. Vipande vikapanda mpaka chini ya ubongo, vikakaa huko, asikofika mkono wa mtawala. Ila bibi alikata kwa haraka, kwa hiyo havikulingana.

Na tangu siku hiyo kila mtoto ana mvukuto wake mwenyewe, nao huanza kupuliza akiwa usingizini, kimyakimya, kama unaogopa kusikiwa. Mmoja huwahi mno, mwingine hukawia, na mwingine hauamki mpaka tabibu ausaidie. Na tabibu akitaka kuutuliza uliowahi, hufuata werevu wa Naetwe: huupa msukumo usiokoma mpaka ulale, mtoto amalizie utoto wake.

Nanzighe alipata kipande kidogo kuliko wote. Wenzake walivunja ungo, yeye bado. Siku moja kisimani wakamzunguka, wakamwuliza kwa kejeli, "Wewe, mtoto mpaka lini?"

Akajitwisha mtungi wake. "Mpaka nimalize," akasema, akapita katikati yao.