Kijana Aliyemdanganya Mtetezi Wake

Kulikuwa na kijana mmoja wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, aliyekuwa akipika bwenini kwa jiko la umeme. Marufuku, na alijua. Siku moja akaliacha linawaka, akaenda kuoga. Kurudi, godoro linaungua na ukuta umekuwa mweusi. Hakuumia mtu, lakini akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Chuoni pale kulikuwa na mama mmoja wa ofisi ya ushauri, kazi yake kuwasaidia wanafunzi wenye kesi. Akamkalisha.

"Mwanangu, mimi sihukumu. Jiko la nani?"

"La mwenzangu wa chumbani, mama."

"Una hakika? Utakayonipa ndiyo nitakayoyasema kule."

"Haki ya Mungu."

Haki ya Mungu! Mmesikia? Mama wa watu akasimama mbele ya kamati akayasema. Mwenzake akaitwa, akabaki analia tu. Wakaitwa vijana wa chumba cha jirani, mmoja akaangua kicheko: "La huyu, mkuu! Uji wake tumekunywa jengo zima. Mwenzake hata chai hajui kuchemsha."

Kwisha. Akafukuzwa.

Nje, yule mama akamwambia, "Kwa jiko ungesimamishwa muhula mmoja, ukarudi ukamaliza. Umefukuzwa kwa kumsingizia mwenzio. Kwa nini hukuniambia?"

Najua mnangoja niukemee uongo. Naukemea. Uongo ni uongo, siupaki sukari. Lakini sikieni alivyojibu.

"Mama, wewe unasali na mama yangu. Dada yangu aliposhika mimba alimweleza mama mmoja wa maombi, mmoja tu. Jumapili akaombewa kwa jina, kanisa zima likageuka kututazama. Hajakanyaga kanisani tena. Mimi ungeniombea lini?"

Na yule mama? Jumapili ile alikuwepo, na amina aliitikia kwa sauti.

Ndugu zangu, sisi tunaliita ombi. Ni umbea uliofumba macho! Nani hapa hajawahi kusema, "Tumkumbuke fulani, mnajua yaliyompata"? Halafu tunashangaa vijana wetu wanapotuficha. Mtu akikosea leo, akitaka kusema kweli akiwa bado anaweza kusaidiwa, aje kwa nani? Kwako? Kwako wewe unayetikisa kichwa? Aje kwangu, nami nina kipaza sauti mkononi?

Kijana yule yuko nyumbani, mlango ameufunga. Mama yake bado anakwenda ibadani kanisani kwao, anakaa mbele. Watu wakimuuliza, anatabasamu: "Mwanangu? Anamalizia masomo, Bwana asifiwe."

Kudanganya hivyo amejifunza wapi? Kanisani, kwa watu kama sisi.